Kufunga geji ya tabo kwenye Land Cruiser ya dizeli: geji si kazi, kazi ni mpira wake

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kujifungia geji ya presha ya tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa) kwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HD-T, au ni lazima ulipeleke gari Mwanza: unaweza, na kazi haizidi nusu siku. La kwangu nililifungia hapa Mwanga, Kigoma, chini ya mwembe, kwa spana chache, kisu kikali na spoku ya baiskeli. Nilikosea jambo moja tu, lakini lilinisumbua wiki nzima, kwa hiyo hilo nitalieleza kwa urefu kuliko mengine.

Katika injini hii kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye manifodi ya kuingiza hewa na kuishia juu ya pampu ya dizeli. Tabo inapoanza kusukuma hewa, presha hupita katika mpira huo na kuiamsha pampu iongeze mafuta. Hapo ndipo unapokata na kuweka kiungo cha njia tatu, yaani tii, kisha tawi la tatu unalipeleka kwenye geji. Usiguse kabisa mpira wa vakyumu ya breki, yaani ule wa mvuto wa hewa unaosaidia breki. Kwenye dizeli hii vakyumu hiyo ina pampu yake yenyewe na haitakuambia lolote kuhusu tabo. Kwa mwenye gari la petroli lenye supachaja, yaani kisukuma hewa kinachozungushwa na injini yenyewe, mambo hubadilika kidogo: presha ichukuliwe baada ya supachaja na baada ya kipepeo cha hewa, karibu na silinda, na asishtuke akiona mshale umeshuka chini ya sifuri injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa kuwa hapo injini inavuta hewa kuliko inavyosukumiwa.

Sasa kosa langu. Mpira uliokuja na geji ulikuwa mfupi, nami kwa haraka nikanunua dukani mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, ule mlaini ambao wengi huutumia kuhamishia mafuta kwenye madumu. Siku ya kwanza mshale ulicheza vizuri, nikafurahi. Siku ya tatu, nikipanda kuelekea Kasulu nikiwa na mzigo, gari lilichoka ghafla. Halikutoa moshi mweusi wala mlio wa kutisha, lilikosa nguvu tu, kama limefungiwa breki. Fundi wa kwanza niliyemwonyesha alisema tabo imekwisha, akanitajia bei ambayo sitaiandika hapa. Nilikaa siku nne nikitafuta fedha, hadi jioni moja nilipofungua boneti nikafuata mpira kwa kidole, sentimita kwa sentimita, nikaukuta umelainika na kupasuka pale ulipopita karibu na eksozi. Ufa wenyewe haukufika urefu wa punje ya mchele. Presha iliyopaswa kufika kwenye pampu ilikuwa ikitorokea hapo, pampu ikadhani tabo haifanyi kazi, ikapunguza mafuta. Tabo ilikuwa nzima muda wote.

Kwa hiyo nunua mpira wa silikoni au ule mgumu uliotengenezwa kwa ajili ya vakyumu na joto la injini, uupitishe upande ulio mbali na eksozi, na kila mwisho uufunge kwa klipu. Jambo la pili nililojifunza ni kuweka kizuizi chenye tundu la takribani milimita 1 ndani ya tawi la geji, karibu kabisa na tii. Kwa kuwa hewa haitiririki ndani ya tawi hilo bali hujaa na kutulia, usomaji haubadiliki. Mshale, ambao bila kizuizi ungetetemeka sana, hutetemeka kidogo tu, na siku mpira ukipasuka, sehemu kubwa ya presha bado itafika kwenye pampu.

Kuingiza mpira ndani ya gari hakuhitaji kutoboa bati. Tafuta raba kubwa inayopitisha fungu la nyaya, itoboe pembeni, mbali na nyaya zenyewe, paka sabuni ya kuoshea vyombo, kisha funga mpira kwenye spoku na uuvute taratibu. Kabla ya kurudisha plastiki za dashibodi, ziba ncha moja ya tii, na kupitia ncha nyingine jaza tawi la geji kwa pampu ya baiskeli hadi 0.5 bar, paka povu kwenye viungo na usubiri dakika kumi. Mshale ukishuka, kuna mahali panapovuja.

Umeme ni wa taa ya geji pekee, ikiwa umenunua ya mshale isiyotumia sensa. Chukua waya unaopata umeme taa ndogo zinapowashwa, weka fyuzi ndogo, na waya wa pili uufunge kwenye bodi mahali palipokwanguliwa rangi. Magari mengi ya aina hii yaliyotoka Japani yana betri mbili na huwashwa kwa volti 24, ilhali vifaa vingine hutumia 12. Pima kwa mita kabla ya kuunganisha chochote.

Geji ya mshale hulinganisha presha ya ndani na hewa inayoizunguka, hivyo sifuri yake haihami ukitoka huku ziwani, kwenye meta 773 hivi, ukafika Tabora kwenye meta 1,200 hivi. Gari langu likiwa tambarare kwa kilomita 80 kwa saa husoma karibu 0.2 bar, na kwenye mpando wa Kasulu, likiwa na mzigo, hufika 0.6. Andika namba za gari lako katika wiki ya kwanza, ukitaja na barabara yenyewe, kwa sababu ndizo utakazolinganisha nazo siku gari likichoka.