Aunti wa Duka la Dawa: Asali, Kigagi, Tii Tri au Kikopo cha Saluni?

SWALI: Aunti, salamu nyingi. Nina miaka 24, nauza nguo za mitumba pale soko la Owino. Chunusi zimenikaa mashavuni na kidevuni tangu sekondari. Kliniki moja ilinipa krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5. Zilipungua kweli, lakini ngozi ikababuka, na tena nikishika nguo nyeusi zinatoka madoa ya rangi ya chungwa. Magauni mawili nimeyauza kwa hasara. Sasa binamu yangu ananiambia asali na ndimu, jirani anasema kigagi (aloe vera), rafiki yangu anauza mafuta ya tii tri (tea tree) na vidonge vya zinki, na dada wa saluni ana krimu anayoichanganya mwenyewe kwenye kikopo. Ipi inaweza kuchukua nafasi ya ile ya kliniki? (Muuza nguo, Kampala)

JIBU: Binti yangu, nianze na hicho kikopo, maana ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote. Krimu isiyo na lebo inayong'arisha uso ndani ya wiki moja mara nyingi ina steroidi kali kama klobetasoli, au haidrokwinoni ya kuchubua ngozi, au zebaki. Shirika letu la viwango, UNBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini kitu kilichokorogwa nyuma ya pazia nani atakikagua? Steroidi hushusha uvimbe siku za mwanzo, na hapo ndipo wateja wanaposifu. Baadaye inazaa chunusi zake yenyewe, vipele vidogo vinavyofanana, vimetapakaa uso mzima. Ukiiacha ghafla, uso unawaka. Kama umeshaipaka kwa wiki kadhaa, nenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya Mulago wakuelekeze namna ya kuiacha.

Katika hayo mengine, lenye ushahidi wa kueleweka ni mafuta ya tii tri. Mwaka 1990 madaktari wa Australia, kwao yanakotoka mafuta hayo, waliwagawa wagonjwa 124: wengine wakapaka tii tri ya asilimia 5, wengine benzoili peroksaidi ya asilimia 5, ileile yako. Dawa zote mbili zilipunguza chunusi. Tii tri ilichelewa kuanza kazi, lakini ngozi haikukauka wala kuwasha sana kama kwa wenzao. Na haichubui rangi ya nguo, jambo ambalo kwako ni pesa.

Ila angalia chupa anayokuuzia rafiki yako. Kama ni mafuta matupu, asilimia 100, ukiyapaka hivyohivyo yatakuunguza. Tafuta jeli iliyotengenezwa tayari, au changanya tone 1 na matone 19 ya mafuta mepesi ya alizeti. Yajaribu kwanza ndani ya mkono, usubiri siku mbili. Usiiache chupa kibandani ikipigwa na jua, maana mafuta yaliyozeeka ndiyo yanayoleta mzio. Na yasinywewe kabisa. Ni sumu tumboni. Nasema hivi kwa sababu wako wanaouliza kama yanafaa kwenye chai!

Zinki ni msaidizi tu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2001, wenye wagonjwa 332, uliilinganisha zinki ya miligramu 30 kwa siku na antibiotiki ya minosaiklini kwa miezi mitatu. Waliopata nafuu ya kuridhisha kwa zinki walikuwa asilimia 31. Kwa minosaiklini, 63. Kwa hiyo si bure, lakini usiiwekee matumaini makubwa. Imeze baada ya chakula, la sivyo kichefuchefu kitakushika ukiwa katikati ya wateja. Vile vidonge wanavyopewa watoto wanaoharisha huwa na miligramu 20, basi soma kwanza kilichoandikwa kabla ya kujiongezea. Ukiwa unatumia doksisaiklini, antibiotiki nyingine ya chunusi, visimezwe pamoja, kwani zinki huizuia dawa hiyo kuingia mwilini.

Kigagi hakina neno. Kinapoza ngozi, na kimewahi kusaidia kilipopakwa pamoja na tretinoini, dawa ya chunusi ya kupaka. Ukikata jani, lisimamishe kwanza ule utomvu wa njano umwagike, huo ndio unaowasha. Tumia ute mweupe wa ndani. Peke yake, sitarajii kikuondolee chunusi za miaka yote hiyo.

Asali, weka kwenye mkate. New Zealand waliijaribu asali ya mti wao wa kanuka iliyoandaliwa kwa matibabu, matokeo yakatoka 2016: watu 136, wiki 12, wote wakitumia sabuni ya kuua vijidudu, nusu wakiongeza asali. Asali haikuonyesha faida yoyote juu ya sabuni. Na ndimu ndiyo mbaya zaidi, hasa kwa mtu anayekaa juani: maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi yanaunguza, kisha yanaacha weusi wa wiki nyingi. Mwambie binamu yako abaki na ndimu yake jikoni.

Lakini mimi ningekuwa wewe, nisingeitupa dawa ya kliniki. Uulize kama wanayo ya asilimia 2.5. Ilishalinganishwa na ya 5 na ya 10, ikapunguza vipele sawasawa, na haikuunguza kama ile ya 10. Ipake usiku peke yake, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, siku moja ndiyo, siku moja hapana, mpaka ngozi izoee. Nawa mikono kwa sabuni mara tu unapomaliza. Lalia foronya nyeupe, na asubuhi osha uso na taulo nyeupe kabla ya kwenda sokoni. Magauni yako yatapona. Tii tri nayo iwe akiba kama hata hiyo ya 2.5 itakukataa. Chochote utakachochagua, kipe wiki 8 hadi 12, na usipake viwili vipya kwa pamoja, hutajua kipi kimekufaa na kipi kimekuwasha.

SWALI: Aunti, nasoma Gulu. Napaka moo yao (mafuta ya shea) kichwani kila siku na chunusi ziko kwenye paji la uso tu. Ni hormoni? (Mwanafunzi)

JIBU: Hormoni zimo, mwanangu, lakini paji la uso peke yake linanifanya niyashuku mafuta. Moo yao yetu ya kaskazini ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, huyeyuka upesi na kuteremka na jasho. Paka nyuma ya mstari wa nywele, kidogo tu, na usilale nayo. Viwiko na visigino vipake unavyotaka.