Mtoto amelazwa: ni influenza au nimonia?

Pole sana, mama. Unasema mwanao wa miezi 14 amelazwa hapo Mwanza tangu jana, homa 39, anakohoa, malaria haikuonekana. Daktari kaandika nimonia, jirani yako wa Igoma anasisitiza ni influenza. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi: influenza yenyewe huleta nimonia, au huwafungulia bakteria mlango.

Kwa macho tu huwezi kuzitenganisha kwa uhakika. Influenza mara nyingi huanza ghafla: asubuhi mtoto anacheza, jioni anaungua na amelegea. RSV, kirusi kingine cha njia ya hewa, kwa watoto wa chini ya miaka 2 huanza na kamasi, kisha siku mbili tatu baadaye kifua kinatoa mluzi. Kinachothibitisha ni kipimo cha majimaji ya puani, hasa PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi). Kipimo cha haraka kikisema hana influenza, bado anaweza kuwa nayo.

Muulize daktari leo hii kuhusu kipimo na oseltamivir, dawa ya kupambana na kirusi cha influenza. Dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na kwa mtoto aliyelazwa haisubiri majibu. Antibayotiki usizikatae kwa maneno ya jirani. Aspirini, hapana kabisa.

Hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima (sekunde 15 mara nne hudanganya): kwa umri wake, 40 au zaidi ni haraka. Kifua kikibonyea ndani, midomo ikigeuka bluu, akishindwa kunyonya au akisinzia kupita kawaida, mwite nesi hapo hapo, hata kama ni saa nane usiku.