Picha ya daftari la chekechea imerushwa grupuni, nifanyeje?

Pole dada. Kwa hiyo mwalimu wa hapo Sinza karusha kwenye grupu la wazazi picha ya daftari, na jina la mwanao, pumu yake na namba yako vyote vinasomeka. Usigombane grupuni, utawaamsha hata ambao hawakuiona. Piga skrinishoti, kisha mfuate mkuu wa kituo ana kwa ana, ifutwe leo leo.

Nimelea watoto kituoni Tabata: fomu za afya tulifungia kabatini, daftari likakaa mlangoni, kila bodaboda anasoma!

Wakikaidi, andika barua, ubaki na nakala, halafu lalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Ila pumu usimfiche mwalimu.