Mashine gani ya kupimia itasoma IST yangu ya Kijapani?

SWALI: Assalaamu alaykum fundi. Mimi nasomesha skuli hapa Wete, lakini gari yangu, Toyota IST ya 2004, naitengeneza mwenyewe uani, na jirani zangu zikiwaharibikia huja kwangu. Taa ya injini inawaka huu mwezi wa pili. Nimeazima kidude cha Bluetooth kwa rafiki yangu. Simu inakiona, lakini programu inasema haiwezi kuunganisha na gari. Kila mara kwenda Chake kupimiwa nimechoka. Ninunue mashine gani?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwalimu. Kidude cha rafiki yako huenda ni kizima. Kama simu inakiona, basi umeme kinaupata. Kilichobaki ni kwamba hakielewani na gari.

Marekani iliamuru gari zote ndogo za modeli ya 1996 na kuendelea zitumie utaratibu mmoja wa kuzungumza na mashine ya kupimia, OBD2. Ulaya ikafuata kwa gari za petroli 2001. IST yako haikuundiwa huko. Iliundwa iuzwe Japani kwenyewe, ikatumika, ndipo ikapanda meli kuja kwetu, sawa na Vitz, Noah na Probox unazopishana nazo kila siku. Tundu la pini 16 chini ya dashibodi inalo, lakini tundu kufanana si lugha kufanana. Gari za namna hii nyingine hujibu maswali ya OBD2, nyingine zinakaa kimya, na zaweza kuwa za jina moja zikapishana miaka tu. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii inasoma gari zote", mwambie aje aichomeke kwenye yako.

Kwanza chukua tochi ulale chini ya stelingi. Tundu likikutazama, upande mpana ukiwa juu, mstari wa juu ni pini 1 hadi 8 kutoka kushoto, wa chini 9 hadi 16. Ukiona vyuma kwenye 6 na 14, gari inazungumza kwa CAN, lugha ya waya mbili, na hata kidude cha bei ndogo kina matumaini. Ukiona 7 ipo lakini 6 na 14 ni mashimo matupu, gari inatumia waya mmoja wa mtindo wa zamani, na hapo ndipo vidude vingi vya kuigiza hukwama. Boksi lake linaweza kuandikwa toleo jipya kwa herufi kubwa, ndani vitu vimepunguzwa.

Ukiwa hapo chini, angalia na rangi. Sisi tunaishi na chumvi. Niliwahi kuletewa Escudo iliyokuwa ikilazwa karibu na pwani, mashine mbili zimeshindwa kuisoma, mwenyewe ameshaambiwa kompyuta imekufa. Pini ya 4, ambayo ni ya ethi, ilikuwa na ukoga wa kijani kama sarafu ya zamani. Nikaipuliza dawa ya kusafishia umeme, nikaikwaruza polepole kwa sindano. Ikasoma.

Sasa ununue nini? Kwa hali yako ningeacha vidude vya simu. Kama una laptopu nzee ya Windows na gari za mtaani kwako ni Toyota tupu, waya wa Mini VCI, unaounganisha laptopu na tundu la gari, pamoja na Techstream, programu ya Toyota wenyewe, utakufikisha mbali: unachagua kwamba gari ni ya soko la Japani, na inaingia kwenye injini, breki za ABS hadi eabegi. Kuiweka kwenye laptopu kuna usumbufu, nakwambia mapema, jioni nzima inaweza kuishia hapo. Lakini kama jirani wanakuja na Suzuki na Nissan, tafuta mashine ya mkononi yenye menyu ya kila kampuni, ambayo ndani ya Toyota unaweza kuchagua Japani. Launch na Autel wanatengeneza za namna hiyo. Ukiagizia Darajani au Kariakoo, kubaliana kabla hujatuma pesa kwamba isiposoma inarudi.

Sharti langu jingine ni moja: ioneshe data za papo hapo, wakati injini inanguruma. Namba ya hitilafu peke yake imewatia watu hasara. Alikuja bwana mmoja na Noah yenye P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Aliyempimia kwanza alimuuzia sensa ya oksijeni mpya. Taa ikarudi siku ya nne. Nikatazama kompyuta inaongeza mafuta kiasi gani: gari ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, asilimia 28, nikaikanyaga hadi mizunguko 2,500, ikashuka hadi 6. Ikishuka hivyo, kuna hewa inaingia kwa wizi baada ya sensa ya hewa. Nikaubinya mpira mkubwa utokao kwenye eya klina, upande wa chini usioonekana, ukafunua mdomo. Sensa ya oksijeni ilikuwa inasema kweli, ikaadhibiwa yenyewe.

Usifute namba kabla hujaziandika, maana zikifutwa na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea inapotea nayo. Na usikiache kifaa kimechomekwa usiku. Pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote.

Kabla ya hayo yote, lipo jambo la bure. Toyota nyingi za umri huo husema zenyewe kwa taa. Zima swichi. Chukua kipande cha waya, unganisha pini ya 4 na ya 13, yaani ya nne mstari wa juu na ya tano mstari wa chini. Hesabu mara mbili, kwa sababu ukigusa 16 unaunguza fyuzi, kama hukuunguza kikubwa zaidi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ikipepesa haraka haraka bila kituo, hakuna kitu. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, kisha mara tano, hiyo ni 25, ndugu yake P0171. Mbili na moja ni 21, upande wa sensa ya oksijeni.

Niandikie taa imehesabu ngapi, na pini zipi umezikuta kwenye tundu.