Kamaliza mionzi, kliniki ya nini tena?

Pole na kuuguza, dada. Umeuliza kama mama, aliyemaliza mionzi ya saratani ya titi na sasa anajisikia mzima, ana haja ya kuendelea na kliniki na CT skani. Kliniki anaihitaji. Miaka 3 ya mwanzo huonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6, mwaka wa 4 na wa 5 kila miezi 6 hadi 12, kisha mara moja kwa mwaka. Mamogramu (eksirei ya matiti) ni kila mwaka, na kama titi moja liliondolewa, hupigwa lile lililobaki.

Hilo la CT skani kila akienda, msijikamue bure. Kama hana dalili, miongozo haishauri. Daktari akimhoji vizuri na kumpapasa kifua, makwapa na shingo, kazi kubwa imefanyika. (Wengi wetu hatuamini tumepimwa mpaka tuingizwe kwenye mashine!)

Ila asisubiri tarehe akiona uvimbe mpya, hata kwenye kovu, maumivu ya mfupa yasiyoisha, kikohozi kisichokoma, kuishiwa pumzi au mkono wa upande ule kuvimba. Na kama anameza tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani isirudi, ambayo kwa kawaida ni ya miaka 5 au zaidi, asiikatishe kimyakimya kwa sababu ya joto la ghafla na jasho la usiku, aseme, asaidiwe. Akitokwa damu ukeni ilhali alishakoma hedhi, aende mapema. Ripoti ya patholojia (majibu ya maabara ya kinyama kilichokatwa) itoeni kopi mbaki nayo, mafaili hupotea.