Gari la zamani linazimika likipata moto na kugoma kuwaka: lipime likiwa bado limegoma

Ndugu, umeeleza kwamba gari lako la petroli, la zamani lakini la mfumo wa nozeli (zinazopuliza mafuta kwa umeme badala ya kabureta), huzimika likishatembea kwa muda na kupata moto, kwamba stata inazungusha injini vizuri ila haiwaki, na kwamba ukiliacha lipoe linawaka kana kwamba halikuwa na tatizo lolote. Plagi na chujio la mafuta umekwishabadilisha bila mafanikio. Nimeteswa na hitilafu ya namna hii kwenye gari langu mwenyewe, na jambo ninalotaka ulishike kabla ya yote ni kwamba ushahidi upo katika zile dakika chache ambazo gari limegoma. Likishapoa, fundi yeyote utakayempelekea hataona kasoro, na kitakachofuata ni kubahatisha kwa kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa fedha yako.

Anza kwa kuangalia namna linavyozimika. Injini inayokosa mafuta kwa kawaida huanza kwa kupungua nguvu na kushtukashtuka, hasa kwenye mlima, ndipo izimike. Iliyopoteza cheche huzimika papo hapo bila dalili. Kama gari ni la gia za mkono, angalia mshale wa mizunguko ya injini wakati gari bado linaserereka na gia ikiwa ndani, kwa sababu hapo magurudumu bado yanaizungusha injini. Mshale ukidondoka hadi sifuri ilhali injini inazunguka, ishara ya mzunguko imepotea, na mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki, ile inayoijulisha kompyuta ya gari jinsi injini inavyozunguka, au nyaya zake.

Ukishaegesha mahali salama, fungua swichi bila kupiga stata na usikilize upande wa tangi. Katika magari mengi ya nozeli, pampu ya mafuta hunguruma kwa takriban sekunde 2 kisha hunyamaza. Usiposikia kitu, usikimbilie kununua pampu. Pima kwanza kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kama umeme unafika kwenye soketi yake katika sekunde hizo, kwa maana pampu isiyopata umeme haina kosa. Kwenye gari langu umeme haukuwa unafika, na chanzo kilikuwa rilei (swichi ya umeme inayowasha pampu) iliyofungwa chini ya dashibodi, mahali ambapo joto hujikusanya gari likianikwa juani. Nilipoivua kifuniko na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona ufa mwembamba, wa mviringo, umezunguka mguu mmoja pale ulipolehemiwa kwenye bodi. Ikiwa baridi, mguu uligusana na lehemu na kila kitu kilifanya kazi. Ikipata joto, uliachana nayo. Niliyeyusha upya lehemu ile na tatizo likaisha. Rilei za zamani zina tabia hiyo, nami huzikagua kabla ya kifaa chochote cha bei kubwa.

Pampu ikinguruma kama kawaida, geukia cheche. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya wa plagi, au kwenye koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) ikiwa gari lako halina nyaya hizo, ilaze igusane vizuri na chuma cha injini, mbali na mvuke wa petroli, kisha mtu mwingine apige stata. Usiishike kwa mkono, kwani umeme wa hapo hufikia makumi ya maelfu ya volti. Kukosekana kwa cheche kwenye silinda zote kunaelekeza kwenye sensa ya krenki, kwenye moduli ya cheche (kifaa cha kielektroniki kinachoiamuru koili), au kwenye koili ikiwa ni moja inayohudumia silinda zote. Sensa ya krenki yenye waya mbili huwa na koili yake ndogo ya waya ndani, na aina nyingi husoma kati ya ohmu mia kadhaa na elfu moja na ushee. Ichomoe na uipime hapohapo ikiwa bado ya moto: multimita ikionyesha mkatiko (yaani waya wa ndani haupitishi umeme), kisha ikipoa ikarudisha kipimo, umempata mhalifu. Unaweza pia kuibandika kitambaa kilicholowa maji baridi. Gari likiwaka mapema kuliko kawaida yake, huo ni ushahidi mzito. Sensa ya waya tatu aina ya Holi (yenye saketi ya kielektroniki ndani) haipimwi kwa ohmu, hivyo usiihukumu kwa njia hiyo. Mashine ya kusomea hitilafu ikitoa msimbo P0335 inakuelekeza kwenye sensa hiyohiyo ya krenki na nyaya zake, lakini isipotoa chochote usiiondoe sensa kwenye orodha ya washukiwa.

Jaribu pia kufungua kifuniko cha tangi mara gari linapozimika. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu na gari likawaka baada ya hapo, njia ya hewa ya tangi imeziba. Alteneta (inayochaji betri) siiwekei uzito katika kisa chako, kwa kuwa stata yako inazungusha kwa nguvu.

Ila siku stata ikizungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mdundo wa mgandamizo, acha kupiga stata mara moja na ukague mkanda wa taimingi (unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni), maana katika injini nyingi mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, na kila mzunguko unaoongeza unaweza kupinda valvu nyingine.