Madogo wa fildi, kusahau komandi si kesi

Kila Julai Dodoma ni upepo, vumbi na madogo wa fildi. Juzi mmoja kakaa mbele ya terminali ya seva, pale unapoiamrisha kompyuta kwa kuandika komandi, kidole kipo juu ya Enta, macho darini. Namuuliza unatafuta nini, anajibu, "Nimeshakumbuka, kaka." Nikamtoa mkono kwenye kibodi kama anayemnyang'anya mtoto kisu. Kanuna. Basi niseme mara moja kwa wote, maana kumwambia mmoja mmoja nimechoka.

1. Kusahau si kesi. Mimi hapa hadi leo nikitaka kuandika `ln -s`, komandi ya kutengeneza njia ya mkato ya faili, lazima nijiulize kipi kinatangulia. Thompson na Ritchie waliitengeneza Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, wenyewe, na bado mwaka 1971 wakaiandikia kitabu cha maelekezo. `man` mnayoiruka, komandi ya kufungulia maelekezo, imetokea huko.

2. Ctrl+R. Inasaka komandi ulizowahi kuandika. Gusa herufi tatu, komandi ya wiki jana inarudi yenyewe.

3. Kubahatisha ndiyo kesi. Hapa nina ushahidi.

Nilikuwa mgeni kazini, chuo kimoja hapa mjini, jina nalimeza. Ijumaa jioni, watu wanaagana, naambiwa nifungashe madampu ya databesi, yaani nakala zake kwenye mafaili, kabla seva haijasafishwa. Folda ina mafaili sita, la kwanza `ada.sql`, la mwisho `usajili.sql`. Databesi yenyewe nilishaifuta asubuhi, kwa mkono wangu, kifua mbele. Komandi ya tar, ya kufunga mafaili mengi kuwa kifurushi kimoja, naikumbuka nusu. Kufungua `man` ni nusu dakika, ila bosi kasimama nyuma yangu na mimi nataka anione fundi. Nikaandika:

`tar -czf *.sql`

Enta. Hakuna kosa, hakuna neno. Bosi akanipiga bega, tukaenda zetu.

Ninyi mmeshaona. Baada ya `f` tar inasubiri jina la kifurushi, na mimi sikulitaja. Sheli, programu inayosoma unachoandika, ikakifungua kinyota (`*`) kuwa majina yote kwa alfabeti, la kwanza likawa `ada.sql`. Tar ikatii: ikayafunga yale matano, ikayaandika juu ya lile la ada. Ukiipa jina moja tu inagoma, inakwambia inaogopa kutengeneza kifurushi kitupu. Ukiipa sita haina woga wowote.

Jumatatu ndiyo tukagundua. Mhasibu, mama mtu mzima, hakufoka. Bora angefoka. Alinipeleka stoo, akafuta vumbi kwenye maboksi ya risiti kwa ncha ya kanga, akaniuliza, "Mwanangu, miwani unavaa?" Sikuwa navaa. Wiki tatu nikaingiza risiti moja moja, nyingine kaboni imefifia hadi unaipeleka dirishani kusoma tarakimu. Saa nne wenzangu wanashuka kwenye chapati, mimi nabishana na saba iliyoandikwa kama moja. Wanafunzi wawili walilipa ada moja mara mbili kwenye kumbukumbu zangu, na wote wawili walikuja kudai chenji.

4. Kabla ya kinyota chochote, tanguliza `echo` uyaone majina. Ukishafunga, `tar -tzf` uone kilichomo. Halafu ndiyo ufute, tena kesho yake.

5. Nunua kaunta buku. Picha za skrini mnazopiga kwa simu zinazama kati ya picha za harusi, hamzioni tena. Andika kwa mkono, kwa maneno yako, na kosa ulilofanya pembeni. Langu ukurasa wa kwanza lina duara la kikombe cha chai na maandishi makubwa: JINA LA KIFURUSHI KWANZA.

Yule aliyenuna karudi mezani mchana, kafungua `man tar`, kasoma kweli, karibu robo saa. Kisha namsikia kwa sauti ndogo:

"Kaka, humu natokaje?"

"Bonyeza q."

Akabonyeza.

"Daftari liko wapi? Andika."